Ramani kuukuu ya Magadi yazindua familia Kitengela

KIPANDE cha magadi ambacho mama hutia chunguni ili maharagwe yaive upesi kina historia ndefu. Sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika karatasi moja: ramani ya zamani ya bonde la Magadi, Kajiado.

Niliikuta majuzi kwa jamaa zangu mjini Kitengela. Kijana wao wa kidato cha tatu alikuwa ameitandaza mezani akijiandaa kwa mtihani wa jiografia. Skeli yake ni 1:50,000, yaani sentimita moja ni nusu kilomita.

Kinachovutia jicho kwanza ni reli. Inatoka Konza, inapita Kajiado, halafu inajipinda kama nyoka kuelekea ziwani. Mbona wasingeinyoosha? Jibu limo katika mistari ya kontua. Kajiado iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kama mita 600. Garimoshi haliwezi kuteremka kilomita nzima kwa mkupuo mmoja, sembuse kuipanda likiwa limejaa magadi ya viwanda vya vioo na sabuni.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911, mwaka ule ule Wamaasai walipotiwa katika mkataba wa pili na Waingereza, wakaondolewa Laikipia. Hayo ramani haiyasemi. Reli na kiwanda vimechorwa. Malisho ni nafasi nyeupe, kana kwamba hayakuwa na wenyewe.

Kilichomshtua baba mtu ni mistari ya buluu iliyokatikakatika. Kijana alimweleza kuwa hiyo ni mito ya msimu, ambayo hukauka na kurudi na mvua. Mzee alinyamaza. Alikuwa ameweka arbuni ya ploti kando ya mji, na mafuriko ya Aprili 2024 hapo Kitengela hajayasahau.

Juma lililofuata walikwenda Ruaraka, kwenye ofisi za upimaji wa ardhi, wakanunua ramani ya Kitengela. Mstari wa buluu ulipita papo hapo pa ploti! Walipofika wenyewe, walikuta mchanga mweupe na mbuzi wamelala.

Mzee ameomba arudishiwe arbuni. Hadi tukienda mitamboni, dalali alikuwa hashiki simu.