Je, Wajua? Nyumba Inayoliwa

Je, wajua kwamba nyumba ya mchawi katika hadithi ya Hansel na Gretel haikuwa ya biskuti za tangawizi? Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walipoichapisha hadithi hiyo Ujerumani mwaka 1812, waliieleza nyumba kuwa ya mkate, yenye paa la keki na madirisha ya sukari. Wajerumani wenyewe ndio walioihamishia kwenye biskuti zao za asali na viungo, ikawa kazi ya Krismasi ya wazazi na watoto.

Kwamba opera ya hadithi hiyo, iliyotungwa na Engelbert Humperdinck, ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Weimar tarehe 23 Desemba 1893? Humo, uzio wa mchawi ni watoto waliogeuzwa biskuti, na mwishoni wote wanarudia uhai. Watoto wanaposikia hivyo, biskuti wanaitazama kwa jicho jingine!

Kwamba biskuti za Nürnberg, Ujerumani, zilipata sifa kwa sababu mji ulizungukwa na misitu ya warina asali, tena ulikuwa kwenye njia ya biashara ya viungo? Tangu mwaka 1996 jina la biskuti hizo linalindwa na sheria za Ulaya. Mdalasini, karafuu, iliki: mpishi wa pilau wa Unguja angeitambua harufu hiyo tangu mlangoni.

Kwamba kuta za nyumba ya biskuti huokwa kwa unga usiotiwa kitu cha kuumua? Ukiumuka, kingo hutanuka na kuta hazikutani. Kata vipande kwa kufuata vielelezo vya kadibodi, uoke, uache vipoe kabisa. Simamisha kuta kwanza, kisha subiri saa kadhaa kabla ya kuweka paa. Hapo ndipo nyumba nyingi huporomoka, maana mtoto gani ataketi kungoja gundi ikauke wakati pipi ziko mezani? Mpe kazi nyingine: apambe vipande vya paa vikiwa bado vimelala. Na akiweka pipi zote upande mmoja, mwache. Nyumba ni yake.

Kwamba gundi yenyewe ni ute wa yai uliopigwa na sukari ya unga? Maji yakikauka, sukari hukaza kama saruji. Lakini watoto watalamba vidole, na yai bichi huweza kuwa na bakteria wa salmonela. Unga wa ute wa yai uliosafishwa kwa joto ni salama zaidi.

Kwamba vioo vya madirisha ni pipi ngumu? Ziponde, jaza tundu la dirisha, rudisha kwenye oveni dakika chache. Zikiyeyuka na kupoa, mwanga hupenya.

Kwamba mjini Bergen, Norwei, tangu mwaka 1991 watoto wa shule na chekechea huoka nyumba zao zikakusanywa kuwa mji mzima? Mwaka 2009 uliharibiwa kwa makusudi. Wenyeji walirudi kwenye oveni wakaujenga upya, na kwangu hakuna habari ya biskuti iliyo nzuri kuliko hiyo.

Kwamba Ikulu ya Marekani ilianza kuwa na nyumba ya biskuti za tangawizi mwaka 1969, kazi ya mpishi mzaliwa wa Ujerumani, Hans Raffert?

Kwamba kwenye mashindano ya nyumba hizo mjini Asheville, North Carolina, yaliyoanza mwaka 1992, kila kinachoonekana lazima kiwe cha kuliwa? Watoto wana kundi lao.

Kwamba Wasweden huivunja nyumba yao ya biskuti tarehe 13 Januari, siku iitwayo ya Knut? Watoto hucheza kuuzunguka mti wa Krismasi, huchuma pipi zake, kisha huipasua nyumba na kuila.

Kwamba asali na sukari hufyonza unyevu wa hewa? Ndiyo maana Mombasa au Dar es Salaam paa hulegea upesi kuliko Ulaya wakati wa baridi. Jenga nyumba yako tarehe 23 Desemba, ifunike vizuri, uile tarehe 25.