Idai Kilipokuta Maji Mafu

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, Msumbiji. Mwezi ulikuwa nusu, bahari iko katika maji mafu, yaani tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo. Juma moja baadaye mwezi ulikuwa mpevu na bamvua limeingia. Pale Beira, maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 6 kutoka kupwa hadi kujaa. Idai kiliangamiza zaidi ya watu 600 nchini humo, na mafuriko ya mito yalichangia sana. Sipendi kuwaza hali ya mji ule kama kingetua bamvua likiwa limejaa.

Mbele ya Beira bara halikomi ufukweni. Linaendelea chini ya maji kwa zaidi ya kilomita 100, na kwa sehemu kubwa kina hakifiki mita 50. Penye kina kirefu, maji yanayosukumwa na upepo hupata njia ya kurudi kwa chini. Hapa hayaipati, hivyo hulundikana pwani. Mgandamizo wa hewa nao huchangia: ukishuka hektopaskali 1, bahari hupanda takriban sentimita 1. Lakini mwenye nguvu hasa ni upepo, na kina kikipungua nusu, msukumo wake huinua maji karibu mara mbili.

Ili kutabiri maji hayo yatapanda kiasi gani, modeli ya kompyuta huikata bahari hii miraba. Kila mraba hupewa kina chake, kisha huhesabiwa maji yaliyoingia na yaliyotoka, msukumo wa upepo, mzunguko wa dunia na msuguano wa sakafu, kila baada ya sekunde chache.

Wapo wanaohesabu maji ya kujaa peke yake, ya dhoruba peke yake, halafu wanajumlisha. Haifai. Penye mita 5 maji yakipwa, bamvua likijaa huwa mita 11, na upepo uleule hauinui maji kiasi kilekile. Bamvua na dhoruba lazima vihesabiwe pamoja, ili tahadhari itaje kimo na saa.

Kwangu mimi, fedha za kwanza ziende kwenye boti za kupima kina, kabla ya kompyuta kubwa. Mto Pungwe humwaga tope mlangoni mwa bandari, mafungu ya mchanga yanahama, na ramani ya zamani huipa modeli sakafu ambayo haipo tena.