Maharagi mabichi ya mu mbabula

Ile siku tulikuwa tunaondoa matanga ya mwenzetu mumoja wa shimo, kule Lubuye. Watu walikuwa wengi kuliko feza. Mbuzi ilikuwa moja tu. Samaki ilikuwa ya kutafuta na taa, sababu tulikuwa mu ile miezi 3 ya kufunga ziwa, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, na mukeke mumoja ulikuwa unauzwa kama vile unavaa saa ya zahabu. Na wageni walizidi kuingia: wa Nyunzu, wa Kabalo waliokuja na treni, wengine wa Moba waliotelemuka mu mashua na mizigo yao.

Mama mukubwa wa ile familia hakupiga kelele. Alituma wabinti wakanunue maharagi mabichi, beseni mbili zilizojaa, akawakalisha chini ya muembe wavunje. Saa ya kula, mbuzi ilipita kwa wazee na kwa bashemeki, kama desturi inavyotaka. Lakini ile sufuria ya maharagi ilifika ku kila sahani, mpaka kwa watoto waliokaa ku mulango. Wababa wa shimo walikuwa wanapangusa sahani na bukari wakiuliza: hii ni nini?

Ni maharagi, wandugu. Maharagi tu. Ila ya kubichi, yale ya kula na ganda lake, yanayoitwa haricot vert kwa Kifaransa, na yaliokwa mu makala, si ya kutokota tu.

Najua wengi wenu mukisikia maharagi munakunja uso. Iko sababu yake, na sababu yenyewe inatoka mu kazi yetu. Mu makambi ya zamani, kwa Union Minière kule Lubumbashi na kwa makampuni mengine, mufanyakazi alikuwa anapewa posho: unga, maharagi makavu, mafuta ya mawese, chumvi, na nyama ao samaki kidogo. Watoto wa kambi walikula maharagi mpaka wakayachukia. Njo maana hata leo, mutu akiweka maharagi ku meza ya ndoa, shemeki wake anajisemea mu roho: hawa wameishiwa. Mimi naona tunakosea. Mumea ni ule ule, lakini ukichuma mapema, mbele mbegu haijanenepa ndani, inakuwa mboga ingine kabisa. Haina ule uzito wa posho.

Hapa Kalemie yanatoka upande mbili. Kuna yale ya bustani za karibu na maji, ambayo wamama wanamwangilia wakati wa kiangazi. Na kuna yale ya upande wa Moba, ya ku milima ya Marungu, kwenye baridi, ambako mboga inakubali vizuri. Kule Kirungu, iliyoitwa Baudouinville, Mapadri Weupe waliweka misioni mu 1893, na walilima mboga za kwao juu ya meza yao. Watu wakaona, wakachukua mbegu, na leo mashua zinaleta mboga mpaka hapa bandarini. Nenda asubuhi, mbele jua halijapiga. Kamata ganda moja, livunje. Likilia «pa!» na maji yakatokea, nunua. Likijikunja kama kamba, mwachie mwenyewe. Na ukiona mbegu zimevimba chini ya ngozi, hayo yamezeeka, yanafaa kupikwa namna ingine.

Basi niliomba yule mama anifundishe. Kwanza alicheka (muanaume wa sendika kuuliza mambo ya jikoni!), kisha akanionyesha. Mu mashimo, wanaume tunajipikia kila siku, hakuna haya.

Kwa watu 20, pale yanasindikiza bukari na chakula kingine, alihesabu kilo 3 za maharagi mabichi, vitunguu 8 vikubwa, vikombe 3 vya karanga iliyosagwa, mafuta, chumvi, mukate mukavu wa juzi, na konzi moja ya ndagala kavu. Pilipili inakaa kando, sababu ya watoto na wazee wa tumbo.

Unakata ncha mbili za kila ganda na kuvuta ule uzi wa pembeni. Kazi hii inachosha, njo maana inafanywa na watu wengi wakiongea habari za watu. Maganda marefu unayavunja mara mbili. Unaosha. Maji mengi yachemke kwanza, utie chumvi, kisha maharagi, na usifunike. Ukifunika yanageuka rangi ya majani makavu. Dakika 10 zinatosha. Kuna wenye kutia bikarbonate ili yabaki kijani. Rangi inabaki kweli, lakini yanakuwa ya kuteleza kama bamia na faida ya mwilini inapunguka. Ndimu pia inaharibu rangi, unaiweka ku sahani tu, mwishoni.

Usiruke hii hatua ya kuchemsha ukisema yataivia mu makala. Maharagi mabichi yana sumu ndogo ya asili inayovuruga tumbo, na maji ya kuchemka njo yanaimaliza. Moto wa polepole hauwezi. Kwa hiyo kwanza maji yanayochemka, kisha makala. Ukiyatoa, mwaga yale maji, uyapitishe mu maji baridi na uache yachuruzike vizuri. Maharagi yenye maji yanaharibu kila kitu kinachofuata.

Supu yake ni ya karanga. Kaanga nusu ya vitunguu mpaka vilainike, tia ndagala zilizotolewa vichwa na kupondwa, kisha karanga iliyokorogwa na maji ya vuguvugu. Koroga bila kuacha mpaka mafuta ya karanga yapande juu. Iwe nzito, ishike mwiko. Wakati wa mvua, pale uyoga unajaa ku soko, yule mama anaacha ndagala na kutia uyoga. Kwangu mimi hiyo inashinda.

Na hapa kuna jambo lilinichekesha. Marekani wana chakula ndugu ya hiki, wanakila kila mwaka mu sikukuu yao ya shukrani ya mwezi wa kumi na moja. Kilitungwa mu 1955 na mama mumoja mufanyakazi, Dorcas Reilly, pamoja na wenzake, mu jikoni ya kampuni ya supu Campbell, muji wa Camden. Alitafuta chakula cha vitu ambavyo kila nyumba ilikuwa navyo: maharagi mabichi na supu ya uyoga ya mu kopo, juu yake vitunguu vya kukaanga. Kampuni imeuza makopo na makopo. Mimi kama mutu wa sendika, swali langu la kwanza lilikuwa juu ya prime ya yule mama. Lakini tuachane na hayo. Sisi uyoga tunauokota bure, na karanga ni za shamba.

Nusu ya vitunguu iliyobaki unaikata nyembamba sana, unaipaka unga kidogo na kuikaanga mpaka iwe kahawia na ilie mu meno. Weka kando. Mukate mukavu unausugua mu mikono mpaka ukuwe makombo.

Sasa kuoka. Wengi wetu hatuna furu ya umeme, na hata mwenye nayo hana umeme. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni muoka-mikate wa kwenu: akitoa mikate ya asubuhi, tanuru inabaki na moto wa bure. Ongea naye mapema, umupelekee sufuria iliyofunikwa na umuachie sahani moja. Dakika 40 hivi, unakuja kuchukua. Ya pili ni mbabula. Kamata sufuria nzito, ile ya kuyeyusha, pamoja na kifuniko chake cha chuma. Paka mafuta ndani. Changanya maharagi na supu ya karanga, mimina, nyunyiza makombo ya mukate juu. Chini weka makala kidogo, juu ya kifuniko weka mengi: ukiwa na vikonzi 9, vitatu chini na sita juu. Watu wanakosea hapo, wanajaza chini, na chakula kinaungua kabla ya juu kuwa na rangi. Ukiogopa, weka mawe madogo 3 mu sufuria kubwa na utue sufuria ndogo juu yake. Hewa ya moto itazunguka kama mu furu ya kweli. Nusu saa. Kufunua ni kazi ya mikono miwili na koleo, polepole, usimwage majivu ndani. Vile vitunguu vya kulia unavitia mwishoni kabisa, wakati wa kupeleka ku meza.

Ningeweza kuacha hapo. Lakini yule mama, miaka miwili nzima kabla ya ile siku ya Lubuye, hakuwa anapika maharagi haya kwa mutu yeyote, na sababu yake inatuhusu sisi watu wa shimo.

Ilikuwa mwezi wa pili, usiku wa kuamkia ndoa mu familia yao. Mvua ilianguka kama inavyojua kuanguka hapa. Mbabula tatu zilikuwa nje zinaoka maharagi. Kwa kuokoa chakula waliingiza zote mu chumba kimoja, wakafunga mulango na dirisha juu ya upepo. Wabinti watatu waliolala mule waliachiwa kazi ya kuangalia moto. Saa ya usiku mukubwa mumoja akaanza kutapika, mwengine akasema kichwa kinapasuka, wa tatu alikuwa haamki. Walikuwa wameonja maharagi. Basi baba mudogo mumoja akapandisha sauti: mama huyu ametia sumu. Wengine wakataja ulozi. Nani asiyejua mambo yanavyokwenda kwetu, mama akiwa muzee na mjane? Walibebwa mpaka hospitali, na munganga kabla ya kugusa mutu aliuliza: mbabula ilikuwa wapi? Wote watatu walipona. Lakini neno likishatoka mu kinywa halirudi, na mama akaacha kupika.

Wachimbaji, ile kitu tunaijua. Ni hewa mbaya. Mukaa ukiungua mahali pamefungwa unatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, hailizi macho kama moshi. Inaingia mu damu na kukaa mahali pa hewa nzuri. Njo ile ile inayoua watu wakishusha motopompe ya esanse ndani ya shimo ili kutoa maji: wa kwanza anaanguka, wa pili anamufuata kumuokoa, wa tatu pia. Huko Ubelgiji, mu muji wa Marcinelle, 8 Agosti 1956, moto uliwaka mu mugodi wa makala wa Bois du Cazier na watu 262 walikufa. Wengi hawakuguswa na moto, walikufa na moshi na ile hewa. Hatuwezi kukataa motopompe ndani ya shimo, kisha turudi nyumbani na kufungia mbabula mu chumba cha watoto.

Alama zake munazijua: kichwa kinauma, miguu inalegea, mutu anataka kutapika, anataka kulala. Inafanana na malaria, na inafanana na chakula kibaya. Tofauti iko hapa: inakamata watu wote wa chumba kimoja kwa wakati mumoja, na wakitoka nje wanaanza kupata nafuu. Ukikuta hivyo, fungua mulango na madirisha, toa watu nje kwanza, mbabula baadaye, na uwapeleke hospitali hata kama wanasema wamepona, sababu dawa yake ni oksijeni. Makala yenye majivu juu, yanayoonekana yamelala, yanatoa ile gazi bado. Na dirisha lililofunguliwa nusu halitoshi kwa mbabula ya kulala nayo usiku.

Mu mukutano mumoja wa usalama wa kazi, tulipomaliza mambo ya mashimo, nilielezea habari ya wale wabinti. Bila majina. Baba mumoja aliyekaa nyuma alinyamaza muda murefu, kisha akatoka. Wiki iliyofuata nilisikia amekwenda na mbuzi kwa yule mama, na mashahidi wawili, kama inavyotakiwa. Alikuwa njo yule baba mudogo.

Ile siku ya Lubuye, mbabula zilikuwa nne, zimepangwa chini ya mabati ya nje, hatua nyingi kutoka ku nyumba. Upepo wa ziwa ulikuwa unasumbua moto na chakula kilichelewa karibu saa nzima. Wazee walianza kunung'unika. Mama akawapelekea karanga za kutafuna, akarudi kukaa ku kiti chake karibu na makala, koleo mukononi.