Mshahara wa Shilingi 520,001

Alhamisi ya Juni 10, 2021, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alisoma bajeti bungeni Dodoma, na ndani yake mlikuwa na habari njema kwa waajiriwa: kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kingeshuka kutoka asilimia 9 hadi 8 kuanzia Julai. Kwa mafundi wanaotunza programu za mishahara, kazi ilionekana nyepesi: tisa iwe nane.

Lakini namba za kubadili zilikuwa nne.

Kwa viwango vile vya Julai, mapato ya mwezi yasiyozidi 270,000, mchango wa hifadhi ya jamii ukishatolewa, hayatozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Anayevuka 520,000 hulipa 20,000 na asilimia 20 ya ziada. Anayevuka 760,000 hulipa 68,000 na asilimia 25. Anayevuka milioni moja, 128,000 na asilimia 30. Mtego umo katika hizo 20,000, 68,000 na 128,000. Mwezi mmoja kabla zilikuwa 22,500, 70,500 na 130,500. Kila moja imebeba kodi ya madaraja yaliyo chini yake, kwa hiyo ukiigusa asilimia ya chini, zote tatu zinapungua kwa 2,500.

Tuseme fundi kabadili asilimia na kiasi cha madaraja mawili ya juu, ile 22,500 ikamponyoka. Anajaribu mshahara wa 400,000. Programu inajibu 10,400, sawasawa kabisa. Anajaribu 520,000, inajibu 20,000, sawasawa pia. Sasa mwajiriwa huyo aongezwe shilingi moja. Kodi inaruka hadi 22,500 na senti 20! Nyongeza ya shilingi moja imekula shilingi elfu mbili na mia tano. Makosa ya programu hupenda kukaa mipakani, jambo ambalo Glenford Myers alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu upimaji wa programu.

Dawa yake ni jaribio linaloendeshwa kwa data. Msimbo wa jaribio huandikwa mara moja tu: pokea mshahara, kokotoa, linganisha na jibu linalotarajiwa. Mishahara na majibu yake hukaa pembeni, kwenye jedwali.

Mizani ya magari pale Nala, Dodoma, hufanya kazi kwa mtindo huohuo. Haijengwi upya kila lori linapofika. Malori ndiyo hubadilika. Kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56, na lori tupu halimwambii mkaguzi lolote kuhusu kikomo hicho. Yenye habari ni la tani 55.9 na la tani 56.1. Wanaoanza kazi hii hupenda njia ya mkato: kitanzi kinachopitisha mishahara yote ndani ya jaribio moja. Hapo lori la kwanza kukamatwa hubaki juu ya mizani na foleni yote inaganda nyuma yake. Kama la tano nalo limezidisha, hakuna ajuaye. Jaribio linaloendeshwa kwa data huliweka pembeni lililokamatwa na kuliita linalofuata. Zamu ikiisha, ripoti inasomeka hivi: 520,000 imepita, 520,001 imeanguka, 760,000 imeanguka, 760,001 imepita. Hata bila kufungua msimbo, fundi ameshajua kuwa kosa liko daraja la tatu, na hapo tu.

Historia ya ufundi huu nayo ina harufu ya mishahara. Mtaalamu wa programu Kent Beck aliutumia mtindo wake wa kupima kila kipande cha programu kwenye mradi wa mishahara wa Chrysler, Marekani, miaka ya 1990. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma wakaanza kuandika JUnit, zana ya kuendeshea majaribio ya programu, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Mwaka 2002 Ward Cunningham akaleta zana nyingine, Fit, ambamo jedwali hujazwa na mtu asiyejua msimbo kabisa, mathalani mhasibu. Na ni vizuri liwe la mhasibu, maana fundi akiinukuu sheria vibaya kwenye programu na kwenye jedwali pia, kila mstari utapita.

Jedwali zuri huongezewa safu ya tarehe, kwa kuwa wakaguzi huuliza ya miaka ya nyuma. Mapato ya 600,000 yalitozwa 68,100 Juni 2020, wakati kodi ilianzia juu ya 170,000. Juni 2021 yalitozwa 38,500. Julai 2021, 36,000. Ni mistari mitatu ya jedwali, na msimbo wa jaribio haukuguswa.