Ndege ya Injini Moja na Mnunuzi Wake

Mkulima wa Matungu, magharibi ya Kenya, anayeshinda kandokando ya shamba akilingoja trekta la kuchukua miwa yake iliyokwisha katwa, huku kila saa ipitayo ikiipunguzia miwa hiyo uzito na kumpunguzia yeye malipo, ana haki kamili ya kuuliza ndege za kivita zinamhusu nini. Nasi hatuwezi kumjibu ila kwa kuanzia katika habari za ardhi ile ile anayoilima.

Nchi hii ya Wawanga, aliyoitawala Nabongo Mumia tangu 1882, na ambako misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikitua kwa mapumziko na biashara, hadi mwaka 1902 ilihesabiwa na Waingereza kuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda, kisha ikahamishwa kwa kalamu ikawa upande wa Kenya. Mambo hayo yalikwisha kuwa ya vitabuni, hata Februari 1976 Idi Amin alipoyafufua, akadai kwamba magharibi yote ya Kenya, hadi kilomita 32 hivi kabla ya kufika Nairobi, ilikuwa mali ya Uganda tangu asili. Mzee Kenyatta alikataa katakata. Walakini dai lile halikuwa la kupuuzwa na watu wa huku, kwa sababu Amin alikuwa na ndege za MiG alizopewa na Warusi, na kutoka Busia hata Matungu ni mwendo wa dakika chache tu kwa chombo cha namna hiyo, ilhali Kenya haikuwa na cha kujivunia angani ila Hunter chache na Strikemaster za Kiingereza. Juni mwaka ule ule Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa Marekani, alizuru Nairobi, na shauri la kuiuzia Kenya ndege 12 aina ya F-5 likatangazwa. Zilianza kuwasili mwaka 1978, na makao yake yakawa Nanyuki.

F-5 ni tunda la fikira iliyokwenda kinyume cha zama zake. Katika miaka ya 1950 kila ndege mpya ya kivita ilikuwa nzito na ghali kuliko iliyoitangulia, na mafundi wa kampuni ya Northrop ndipo walipojiuliza kama haingewezekana kurudi nyuma, kuunda chombo kidogo, chepesi, kisicho na makuu, ambacho hata dola isiyo tajiri ingeweza kukinunua na kukitunza. Ya kwanza iliruka mwaka 1959. Hii ya kwetu, F-5E, ikiwa tupu haina mafuta wala silaha, uzito wake ni tani nne na ushei; puani ina mizinga miwili ya milimita 20, na tumboni injini mbili ndogo, kila moja ikisukuma kwa nguvu ya ratili 5,000. Hadhi yake ilidhihirika mwaka 1977 katika vita vya Ogaden, ambapo marubani wa Ethiopia waliziangusha MiG-21 za Somalia, ndege za injini moja zenye sifa ya mbio kubwa zaidi.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo waunda ndege hawajaacha kuulizana hata leo: kwa nini injini mbili, ikiwa moja iliyo bora yatosha? Injini moja hunywa mafuta kidogo, hudai spea chache, na fundi huifungua na kuifunga kwa saa chache. Aibu yake ni kwamba ikizimika angani hapana ya pili ya kumrudisha rubani nyumbani. Northrop waliijibu hoja hiyo kwa vitendo. Waliuchukua mwili wa F-5, wakatoa injini zile mbili, wakatia moja ya kampuni ya General Electric iitwayo F404, yenye msukumo wa ratili 17,000, wakampa mtoto huyo jina la F-20 Tigershark. Iliruka mara ya kwanza tarehe 30 Agosti 1982. Na ajabu ya kalenda ni kwamba mwezi huo huo, tarehe mosi, baadhi ya wanahewa wa Kenya walijaribu kuipindua serikali, hata jeshi lao likavunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine, lisirudishiwe jina lake mpaka 1994. Kwa hiyo wakati mrithi wa F-5 alipokuwa akitafuta wanunuzi, Nairobi haikuwa na nafasi ya kufikiria ndege mpya.

Wala si Nairobi peke yake. Tigershark ilisifiwa na Chuck Yeager, yule mtu wa kwanza kuipita kasi ya sauti; ilipaa kwa haraka ya kustaajabisha; na Northrop walikwisha tumia zaidi ya dola bilioni moja kutoka mfukoni mwao. Zilitengenezwa tatu tu. Moja ilianguka Korea Kusini mwaka 1984, ya pili Kanada mwaka 1985, na marubani wote wawili walifariki, ingawa uchunguzi haukuitia ndege yenyewe hatiani. Kilichoiua hasa ni jambo jingine: Jeshi la Anga la Marekani halikununua hata moja, na serikali ya Reagan ililegeza masharti ya kuwauzia wageni F-16, ambayo nayo ni ya injini moja na ilikuwa ikitumiwa na Wamarekani wenyewe. Ni mfalme gani atakayetoa mali ya hazina yake kununua silaha ambayo jeshi la mwundaji limeikataa? Mwaka 1986 kazi ikafungwa.

Nimekaa juu ya kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu kila anayeleta habari za ndege mpya nyepesi huanza na kasi, rada na makombora, ilhali mambo mawili ndiyo yanayoamua kama itaishi au itakufa: nani atakayenunua ya kwanza, na injini itatoka kwa nani.

Hili la injini halieleweki upesi mpaka mtu akiangalie kipande kimoja kidogo kilichomo ndani yake. Katika gurudumu linalozungushwa na moto, kuna mapanga madogo yasiyozidi urefu wa kidole, yaliyosubiwa katika kalibu kwa madini ya nikeli, na katika injini zilizo bora kila panga ni fuwele moja tu, haina kiungo wala mshono. Panga hilo hutobolewa vitundu vyembamba vya kupitishia hewa ya kulipoza, kwa kuwa hewa ya moto inayolizunguka ina joto la kuyeyusha madini yale yale. Huko panga huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, bila kurefuka na bila kupasuka. Nchi ziwezazo kazi hiyo kwa ukamilifu zahesabika kwa vidole. India, yenye wahandisi wengi na roketi za kwenda mwezini, ilianza mradi wake wa ndege nyepesi ya Tejas mwaka 1983, ikairusha 2001, ikaiingiza kikosini 2016. Na injini yake yenyewe, Kaveri, haikufikia msukumo uliotakiwa, basi Tejas inaruka kwa F404 ile ile ya Tigershark. FA-50 ya Korea Kusini hutumia F404, na Gripen ya Sweden, katika sura zake za awali, jamaa yake wa karibu. JF-17 iliyoundwa na Pakistani pamoja na China, ambayo Nigeria ilipokea tatu mwaka 2021, ina moyo wa Kirusi.

Na mwenye moyo ndiye mwenye idhini. Mwaka 2020 Argentina ilitaka FA-50, nayo Uingereza ikazuia, kwa kuwa ndani ya ndege ile ya Kikorea mlikuwa na vipande vya Kiingereza na vita vya visiwa vya Falkland havijasahauliwa London.

Gharama nayo ina hila zake. Mwenye trekta hapa Matungu ajua kwamba bei aliyolipa dukani ni mwanzo tu, na kwamba dizeli, tairi na ujira wa fundi ndivyo vitakavyomfilisi au kumnusuru. Afrika Kusini ilinunua Gripen 26 mpya, ndege nzuri zisizo na dosari ya kusemwa. Lakini mkataba wa matengenezo ulipokwisha bila kuhuishwa, zilikaa chini takribani mwaka mzima, kuanzia 2021 hadi 2022. Uganda kwa upande wake ilichukua njia nyingine kabisa, ikanunua Su-30 sita za Kirusi, nzito na zenye injini mbili, kwa mamia ya mamilioni ya dola. Na mimi sijaona bado ni adui gani wa Uganda aliyehitaji chombo kikubwa kiasi hicho.

Kenya ilijiongezea F-5 nyingine zilizotumika kutoka Jordan. Baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, ndege zake za kivita ziliyapiga makambi ya al-Shabaab katika Gedo, nchini Somalia. Na yeyote atazamaye vita hivyo huona kwamba adui yule hana ndege wala rada, na kwamba kinachotakiwa juu yake ni jicho linalokaa angani kwa saa nyingi zaidi kuliko mbio za kupita sauti. Ndiyo maana Januari 2017 Washington iliarifu bunge lake kuhusu kuiuzia Kenya ndege 12 za Air Tractor, zenye rafadha na asili ya kunyunyizia mashamba dawa, kwa thamani iliyokadiriwa kufika dola milioni 418. Wabunge wa Marekani wenyewe wakalalamikia bei hiyo. Kazi kama hiyo sasa yazidi kuchukuliwa na ndege zisizo na rubani, na hao ndio washindani wakali zaidi wa ndege nyepesi, kuliko F-16 ilivyokuwa kwa Tigershark.

Hata hivyo ulinzi wa anga hauwezi kuachiwa mitambo isiyo na mtu, wala F-5 haziwezi kuruka milele. Siku itakapowadia ya kuchagua mrithi, yamkini wauzaji watakuja na picha za rangi, kama Warusi walivyoionyesha Checkmate yao ya injini moja mwaka 2021 kwa bei ya dola milioni 25 hadi 30, kabla haijaruka hata mara moja. Wabunge wetu, pamoja na yule wa Matungu, ningewasihi waziache picha mezani na waanze kwa kurasa za mkataba ambazo aghalabu hazisomwi: injini itafunguliwa baada ya saa ngapi za kuruka, itafunguliwa Nanyuki au itasafirishwa ng'ambo, na ni serikali ya nchi gani itakayotia sahihi kabla spea haijaondoka bandarini.