Taruma halilali

Majuzi nilipewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha mafunzo ya mafundi wa reli. Nilipokumbana na vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, nikaandika "vilalio vya saruji". Mhandisi aliyeupitia mswada akanipigia simu. "Mwalimu, hiki kitu hakilali hata dakika moja. Na ukikiunda kwa saruji tupu, treni ya kwanza itakiponda!"

Niliona haya. Kosa la pili lilikuwa jepesi kurekebisha: saruji ni ule unga wa mfukoni, ukichanganywa na mchanga, kokoto na maji ndipo tunapata zege. La kwanza lilinirudisha pwani, kwani neno lipo: taruma, wingi wake mataruma. Katika vyombo vya baharini, taruma ni kipande cha mti kinachotegemeza na kuimarisha kiunzi cha chombo. Waliolihamishia relini walitazama kazi yake.

Na kazi yenyewe si haba. Taruma huzishikilia reli mbili zisiachane wala kukaribiana: milimita 1,435 kwenye SGR ya Mombasa hadi Nairobi, milimita 1,000 kwenye ile reli kongwe. Vilevile huutawanya uzito wa treni kwenye kokoto. Chukua ekseli ya tani 25: taruma lililo chini yake hubeba takribani nusu ya mzigo huo, majirani zake wakigawana uliosalia.

Hapo ndipo udhaifu wa zege hujitokeza. Likibanwa ni gumu ajabu, likivutwa hupasuka. Nalo taruma likilemewa hupinda kidogo, upande mmoja ukavutwa. Dawa yake? Nyaya za feleji huvutwa kwa nguvu ndani ya kalibu, zege likamiminwa, na likishashika, nyaya huachiliwa. Zinataka kunywea zirudie urefu wake wa awali, zege linazizuia; basi zege lote hubaki limebanwa. Umewahi kumwona fundi akiinua matofali matano kwa mpigo kwa kuyabana kwenye ncha mbili? Siri ni hiyo hiyo.

Sasa mbona mataruma mengi ni manene chini ya reli na membamba katikati? Chini ya reli, upande wa chini ndio unaovutwa. Katikati, kokoto zikilisukuma taruma kutoka chini, upande wa juu ndio unaovutwa. Nyaya nazo zimenyooka, haziwezi kupanda na kushuka. Kwa hivyo wahandisi huushusha mgongo wa taruma pale katikati ili nyaya ziwe karibu na juu, ilhali chini ya reli zinabaki karibu na chini. Uzi ule ule, kinga mbili.

Mswada niliurekebisha. Tangu siku hiyo, kabla sijaunda istilahi huuliza kwanza: kitu hiki kinafanya kazi gani? Kisha nafungua kamusi, maana huenda mabaharia walishatutangulia.