Hati ya kiwanja Kigali si ruhusa ya kujenga

Na Mwandishi Maalumu

KWA mfanyabiashara wa Rusumo au Gatuna, na kwa mtu aliyerejea nchini na akiba yake, ndoto ya kwanza huwa moja: kupata kiwanja Kigali na kuinua nyumba. Ni ndoto njema. Lakini wengi huuliza bei na ukubwa, kisha barabara na maji. Swali lililopaswa kutangulia huachwa mwisho: Jiji limepanga eneo hili litumike kwa shughuli gani?

Sisi tuliosoma ukimbizini tulirudi na mazoea ya huko. Upande wa Tanzania, vijijini tulikokulia, kiwanja kiliuzwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na majirani wawili. Karatasi ikitiwa sahihi, wiki inayofuata matofali yanashushwa. Kigali ya leo, mtu akifuata mazoea hayo anaweza kupoteza jasho la miaka ishirini kwa siku moja.

Itifaki ya kurejea kwa wakimbizi, iliyotiwa saini mwaka 1993 katika mazungumzo ya Arusha, ilipendekeza kuwa walioondoka zaidi ya miaka 10 nyuma wasidai mali zao zilizokwisha kukaliwa na wengine. Kwa hiyo wengi waliorudi baada ya 1994 walianza upya, na mji ulikuwa kimbilio kubwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,132,686 katika Jiji la Kigali. Ile ya 2022 ilihesabu 1,745,555. Ardhi haikuongezeka. Ni kilomita za mraba zipatazo 730, na sehemu kubwa ni miteremko na vinamasi.

Ndiyo sababu uamuzi wa Jiji kuhusu ardhi unamgusa kila mnunuzi. Mpango Mkuu wa 2013 ulifanyiwa marekebisho mwaka 2020, na sasa unatazama hadi 2050. Umetenga maeneo ya makazi, biashara, viwanda, kilimo na misitu. Hata makazi yana madaraja yake: mahali pengine panafaa nyumba ya familia moja, pengine panatakiwa majengo yanayobeba familia nyingi. Kando ya bonde nako kuna mipaka. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilikataza kujenga ndani ya mita 20 kutoka ukingo wa kinamasi.

Hivyo mtu anaweza kuwa na hati halali, yenye jina lake, na bado akanyimwa kibali cha nyumba aliyoikusudia. Hati inasema nani ana haki juu ya kiwanja. Mpango unasema kiwanja kifanye kazi gani. Ni mambo mawili tofauti.

Haya si maneno ya ofisini tu. Mwaka 2008 wakazi wa Kiyovu ya chini, karibu kabisa na katikati ya mji, walihamishwa, na baadhi yao wakapelekwa Batsinda. Mwaka 2022 ilifika zamu ya Kangondo na Kibiraro, mtaa uliojulikana kama Bannyahe, baada ya mvutano wa miaka kadhaa. Wengi walitaka fedha taslimu. Jiji liliwapa nyumba Busanza.

Sheria ya 2015 ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya mtu kuhama. Inaruhusu fidia isiyo fedha pale pande zote zinapokubaliana, na inamtaka anayedai athibitishe kwamba mali ni yake. Mwenye karatasi ya mashahidi pekee ataanza kesi akiwa nyuma.

Jiji nalo lina deni kwetu. Uamuzi unaobadilisha thamani ya kiwanja usibaki katika ramani zenye herufi na namba. Usomwe katika mikutano ya mudugudu, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaielewa, kabla ya kupitishwa. Tunakubali kuwa mji bila mpango huishia kwenye mafuriko na njia zisizopitika. Lakini mpango unaotaka nyumba ambayo mwalimu au mchuuzi hawezi kuijenga unamsukuma ajenge usiku bila kibali, na hasara inakuwa ya wote.

Kwa anayejiandaa kununua, hatua hazina ugumu. Mwombe muuzaji namba ya kiwanja. Iangalie katika ramani ya Mpango Mkuu kwenye tovuti ya Jiji, au ipeleke kwa ofisa ardhi. Uliza kama nyumba unayoitaka inaruhusiwa hapo. Kisha mauziano yafanyike mbele ya mthibitishaji wa ardhi na hati ihamishiwe jina lako. Mali bila daftari huisha bila habari. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua methali hiyo kuliko mtu yeyote. Fedha isitoke mfukoni kabla ya namba hiyo kukaguliwa.